Kamera ya Lubumbashi inapovuka mpaka, nani anailinda?

Mpiga picha wa Lubumbashi anayekwenda Ulaya kwa maonyesho au kwa kazi ya wiki mbili hafiki kwenye uwanja wa ndege wa Luano mikono mitupu. Mfukoni ana cheti cha bima ya safari alichodaiwa kabla ya kupewa viza. Ana tiketi ya ndege yenye masharti marefu ambayo karibu hakuna anayeyasoma. Pengine hata picha zake, zile zilizokwisha kuchapishwa na kutiwa fremu, zimewekewa bima na jumba linalomwalika. Kitu kimoja tu hakina karatasi: mkoba ulio begani, wenye kamera, lenzi na kompyuta, ambao ndio unaolisha familia.

Si mali ndogo. Kamera ya kazi na lenzi mbili nzuri, zikinunuliwa mpya, zinafika kwa urahisi dola 5,000 za Marekani. Kwa mtu anayepiga picha za ndoa kila Jumamosi katika Kenya, Katuba au Kamalondo, hiyo ni akiba ya miaka. Mkoba ukipotea Addis Ababa au Nairobi, mtu anarudi nyumbani akiwa na taaluma bila chombo, na hakuna benki ya mjini itakayomkopesha kwa sababu tu anajua kupiga picha.

Swali hili lina uzito wa pekee Lubumbashi kwa sababu mji huu umekuwa ukipeleka wapiga picha nje kwa muda mrefu. Sammy Baloji, mzaliwa wa hapa, alijulikana kwa kazi zake juu ya mabaki ya viwanda vya Gécamines. Mwaka 2008 yeye na mwandishi Patrick Mudekereza walikuwa kati ya waanzilishi wa Picha, kituo kilichozaa maonyesho ya kimataifa ya Lubumbashi yanayofanyika kila baada ya miaka michache. Kazi za Baloji zilionyeshwa Venice mwaka 2015, na katika documenta ya Athens na Kassel mwaka 2017. Georges Senga na wengine wamepita njia hiyohiyo. Nyuma ya majina hayo kuna kundi kubwa lisilotajwa magazetini: vijana wa ndoa na matanga, wapiga picha wa mikutano ya siasa, wale wanaofanyia kazi kampuni za migodi, na wale wanaovuka Kasumbalesa kwenda kupiga sherehe za ndugu walioko Kitwe, Ndola au Lusaka.

Karatasi ya viza

Kosa la kwanza na la kawaida ni kufikiri kwamba asiransi ya viza inalinda kila kitu kilicho ndani ya safari. Sheria ya viza za nchi za Schengen inamtaka msafiri awe na bima isiyopungua euro 30,000. Fedha hizo ni za matibabu ya dharura, hospitali, na kurudisha mgonjwa au maiti nyumbani. Sheria haisemi neno juu ya mizigo. Mwenye cheti hicho akivunjika mguu Brussels, atatibiwa. Akiibiwa kamera kwenye kituo cha treni dakika tano kabla ya kuvunjika mguu, kamera si jambo la cheti kile.

Kuna vyeti vya bei ya juu zaidi vinavyoongeza mizigo. Hapo inafaa kusoma mistari midogo. Bima ya mizigo ya msafiri wa kawaida huweka kikomo kwa kila kitu kimoja, na kikomo hicho mara nyingi kiko chini sana ya bei ya lenzi moja ya kazi. Tena, mikataba mingi ya aina hii inaondoa wazi vyombo vya kazi. Mtalii mwenye kamera ndogo anaweza kulipwa. Mtu anayepata riziki kwa kamera anaambiwa kwamba alipaswa kuchukua bima ya biashara. Barua ya mwaliko iliyomsaidia kupata viza, ile inayosema anakuja kama mpiga picha, ndiyo itakayomwonyesha kuwa alikuwa kazini.

Bima ya jumba la maonyesho nayo ina mpaka wake. Majumba makubwa huwekea bima kazi wanazoazima tangu zinapotolewa ukutani kwa mwenyewe mpaka zinaporudishwa, mtindo ambao Wafaransa wanauita msumari kwa msumari. Kinacholindwa ni picha iliyotundikwa. Na siku hizi picha nyingi hazisafiri tena ndani ya sanduku: faili linatumwa kwa intaneti na kuchapishwa kulekule. Kwa hiyo inawezekana kabisa karatasi iliyochapishwa Brussels juzi iwe na bima kamili, na aparei iliyopiga picha ile isiwe na hata franga moja ya kuilinda.

Ndege inalipa nini

Wengi hujitegemeza kwa kampuni ya ndege. Safari za kimataifa kati ya nchi zilizotia sahihi Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, zikiwa nyingi duniani sasa, zina kikomo cha malipo ya mizigo. Tangu 28 Desemba 2024 kikomo hicho kimepandishwa kutoka DTS 1,288 hadi DTS 1,519 kwa kila msafiri. DTS ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa. Kwa hesabu ya karibu, ni dola 2,000. Hicho ni kikomo cha juu. Msafiri bado anatakiwa kuthibitisha thamani ya kilichopotea, na kikomo ni kwa mtu, si kwa kila sanduku. Mwenye masanduku matatu ya vyombo hapati mara tatu.

Mkataba huohuo unatofautisha sanduku lililokabidhiwa kampuni na mkoba unaobaki na msafiri. Kwa sanduku lililokabidhiwa, kampuni inawajibika likiharibika au kupotea likiwa mikononi mwake. Kwa mkoba wa mkononi, inawajibika tu ikiwa kosa ni lake au la wafanyakazi wake. Abiria mwingine akifungua kabati la juu usiku na kuondoka na lenzi, si rahisi kuonyesha kosa la kampuni.

Hapo mpiga picha anakwama kati ya mambo mawili. Akiiweka kamera ndani ya sanduku la chini, inapigwa, inafunguliwa, na masharti ya kampuni nyingi yanasema waziwazi kwamba vitu vya thamani na vya elektroniki visiwekwe humo. Akibeba mkononi, kampuni nyingi zinaruhusu kilo 7 au 8 tu kwa msafiri wa daraja la kawaida, na kamera mbili na lenzi nne zinapita uzito huo kabla hata ya kompyuta. Betri za lithiamu za akiba nazo haziruhusiwi kabisa chini; ni lazima ziwe mkononi. Zile zisizozidi wati-saa 100 zinapita bila shida, na za kati ya 100 na 160, kama za kamera kubwa za video na baadhi ya droni, zinahitaji ruhusa ya kampuni na haziwezi kuzidi mbili. Ndege ikijaa, mfanyakazi mlangoni anaweza kuchukua mkoba wa mkononi na kuupeleka chini. Msafiri ambaye hakupanga mkoba wake kwa namna ya kuweza kutoa kamera na betri kwa sekunde kumi anabaki akiwaangalia wanavyoondoka nao.

Mkataba unatoa mlango mmoja ambao watu wachache wanaujua. Kabla ya kukabidhi sanduku, msafiri anaweza kutangaza thamani yake ya kweli na kulipa nyongeza, na hapo kikomo kinakuwa ile thamani aliyotangaza. Kampuni inaweza kuwa na masharti yake juu ya vitu inavyokubali kwa njia hiyo, kwa hiyo ni swali la kuuliza siku kadhaa kabla ya safari. Kuuliza kwenye foleni ya Luano huku watu hamsini wakisukuma nyuma hakusaidii.

Muda pia unaua madai mengi. Sanduku likifika limeharibika, malalamiko kwa maandishi yanapaswa kutolewa ndani ya siku 7. Likichelewa, ndani ya siku 21 tangu lilipopatikana. Kesi mahakamani haiwezi kufunguliwa baada ya miaka 2. Anayetoka uwanjani bila kujaza karatasi ya mzigo uliopotea, akiambiwa arudi kesho, amepunguza nguvu zake mwenyewe.

Na kuna jambo linalowagusa hasa wanaopita Kinshasa. Mwenye tiketi moja kutoka Lubumbashi hadi Brussels yuko ndani ya mkataba wa kimataifa tangu Luano. Lakini anayenunua Lubumbashi–Kinshasa peke yake, kisha akanunua ya Ulaya kwa kampuni nyingine, sehemu yake ya kwanza ni safari ya ndani. Sanduku likipotea kabla ya N'djili, masharti ya Montreal hayamsaidii. Tofauti ya bei kati ya tiketi mbili na moja huonekana nzuri mpaka siku hiyo.

Asiransi ya nyumbani

Inabaki njia ya nne: kuwekea vyombo vyenyewe bima, hapa nyumbani, kwa mkataba unaovifuata nje. Kwa miaka mingi lilikuwa wazo la kuchekesha. SONAS, kampuni ya serikali iliyoundwa mwaka 1966, ilikuwa peke yake sokoni, na kwa wakaaji wengi asiransi maana yake ilikuwa kile kikaratasi cha gari cha kuwaonyesha watu wa rulaji. Mtu alilipa ili asisimamishwe barabarani, wala hakutazamia kulipwa chochote. Fikra hiyo haijatoka vichwani.

Sheria ilibadilika. Kanuni ya bima ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua soko kwa kampuni za kibinafsi na kuunda mamlaka ya kusimamia, ARCA. Kampuni za kwanza za kibinafsi zilipata ruhusa mwaka 2019, na leo majina kama Rawsur, Activa, SFA Congo na Mayfair yako kando ya SONAS. Kanuni hiyo inasema pia kwamba mali iliyoko Kongo iwekewe bima kwa kampuni yenye ruhusa ya kufanya kazi Kongo. Kwa hiyo kijana anayepata kwenye simu tangazo la bima ya kamera kutoka Paris au London na kulipa kwa kadi ana matatizo mawili: sheria ya nyumbani haimruhusu, na kampuni zile huuza kwa wakaaji wa nchi zao. Siku ya kudai, swali la kwanza litakuwa anwani yake. Hata kuazima kamera ya ndugu wa Matonge, Brussels, ambayo ina bima, si suluhisho, maana mikataba mingi inamlinda mwenye chombo kinapokuwa mikononi mwake, si mikononi mwa mgeni wake.

Aina ya mkataba unaofaa ipo katika biashara ya bima: unajulikana kama bima ya hatari zote kwa vyombo, na unaandikwa kwa orodha, kila kitu na namba yake. Mteja wa Lubumbashi anayeingia ofisini anapaswa kuuomba kwa jina hilo, na kuomba kwa maandishi kwamba uenee nje ya Kongo, nchi kwa nchi au dunia nzima. Bila mstari huo, ulinzi unaweza kuishia Kasumbalesa.

«Hatari zote» ni jina lenye kudanganya kidogo. Wizi ndani ya gari lililoachwa bila mtu kwa kawaida haulipwi, au unalipwa tu kama gari lilivunjwa na vyombo havikuonekana kutoka nje. Kupotea kusikoelezeka, ile «nilikuwa nayo, sasa siioni», hakulipwi. Kuna franshizi, sehemu ya hasara ambayo mwenye mali anajibebea. Kuna uchakavu: kamera ya miaka minne inaweza kulipwa kwa thamani yake ya leo, si kwa bei ya kununua nyingine.

Kisha kuna kanuni ya uwiano, ambayo inawaumiza hasa wenye kutaka kubana matumizi. Tuseme mtu ana vyombo vya dola 4,000 lakini anatangaza dola 2,000 ili alipe kidogo. Anaibiwa lenzi ya dola 1,000. Anafikiri yuko salama, kwani hasara haijafika 2,000. Kampuni inahesabu kwamba aliwekea bima nusu tu ya mali yake, hivyo inalipa nusu ya hasara: dola 500, na franshizi inakatwa humo.

Lakini kabla ya kufika kwenye hesabu hizo, wapiga picha wengi wa Lubumbashi wanakwama mlangoni kwa sababu ya fakitire. Kamera nyingi za mjini ni za mkono wa pili. Zimeletwa na mfanyabiashara aliyetoka Dubai au Johannesburg, zimenunuliwa kwa rafiki, zimelipwa nusu kwa pesa na nusu kwa aparei ya zamani. Hakuna karatasi. Mtu wa bima hawezi kujua kama kitu ni cha anayekileta, wala kilinunuliwa kwa ngapi. Hapo lawama si ya upande mmoja. Muuzaji anaficha fakitire kwa ajili ya duane na kodi, mnunuzi anafurahia bei ya chini, na wote wawili wanamaliza biashara bila kuandika hata namba ya mfululizo iliyoko chini ya kamera. Kwa vyombo ambavyo vimekwisha kununuliwa hivyo, kinachoweza kusaidia ni hati ya mauzo iliyotiwa sahihi na pande mbili, picha za kila chombo na namba yake, na makadirio ya thamani kutoka kwa fundi au duka linalotambulika. Kampuni ina haki ya kukataa. Ila inafaa iulizwe kabla ya kulipwa, na jibu liwe kwenye karatasi.

Goma, Bukavu na neno «vita»

Kwa wasomaji wa Kivu, kuna mstari mwingine unaoamua kila kitu. Karibu mikataba yote ya kawaida inaondoa vita, uasi na ghasia. Tangu M23 ilipoteka Goma mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, mpiga picha wa huko anayeporwa kamera na mtu mwenye bunduki atapata shida kubwa kuonyesha kwamba ulikuwa wizi wa kawaida. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa, na anayetaka kwenda nje anapita Rwanda au njia ndefu nyingine, akivuka vizuizi ambavyo hakuna kampuni ya bima iliyovihesabu. Bima ya vita kwa vyombo inauzwa kwenye soko la London, kwa bei ambayo shirika kubwa la habari linaweza kuibeba. Mpiga picha wa kujitegemea haiwezi. Ndiyo maana shirika linalomwagiza kazi ndilo linalopaswa kuulizwa kabla ya siku ya kwanza: je, mkataba wenu unalinda vyombo vyangu au vyenu tu? Wengi hawaulizi, wakiogopa kupoteza kazi, na shirika halisemi lisipoulizwa.

Huku Haut-Katanga, kinachoweza kubadilisha hesabu ni kwenda pamoja. Kampuni ya bima haina hamu ya kuandika mkataba wa kamera moja ya dola 1,500. Kazi ya ofisi inagharimu karibu sawa na malipo itakayopata. Orodha ya watu thelathini wenye vyombo vilivyoandikwa namba ni kitu kingine. Lubumbashi ina vituo vya utamaduni, vyama vya waandishi wa habari na studio zinazojuana vizuri. Kinachokosekana ni mtu wa kukusanya orodha, na imani kwamba kampuni italipa. Imani hiyo haitakuja kwa matangazo ya barabarani. Itakuja siku mpiga picha mmoja atakapolipwa na wenzake wakaona.

Barabarani, kwa wanaokwenda Zambia kwa gari, Kadi ya Njano ya COMESA haibadilishi jambo hili. Inalipa madhara ambayo gari limewaletea watu wengine na matibabu ya waliomo ndani, wala haigusi vyombo vilivyoko kwenye buti.

Na mpaka una maswali yake. Katika nchi nyingi, vyombo vya kazi huvuka kwa karneti ya ATA, daftari linalotolewa na chemba ya biashara na kuthibitisha kwamba mali itarudi. Afrika Kusini, Senegali na Moroko ziko ndani ya mfumo huo. Kongo haimo. Mpiga picha wa Lubumbashi anabaki na njia ya tamko la kutoa mali kwa muda mbele ya DGDA, lililo ndani ya kanuni ya duane ya mwaka 2010. Watu wengi wanaliruka kwa sababu linachukua muda, kisha wanaporudi Kasumbalesa au Luano wakiwa na kamera inayong'aa wanaambiwa ni mali mpya iliyoingizwa, na mabishano yanaanza. Tamko hilo linaorodhesha kila chombo na namba yake, lina tarehe na muhuri wa serikali. Kwa mtu aliyenunua kamera bila fakitire, huenda ndiyo karatasi ya kwanza rasmi inayoonyesha kwamba siku fulani, kamera fulani ilikuwa mikononi mwake, na mtu wa asiransi anaweza kuisoma pia.